KUCHA ZA MADAM: kwa nini nimerudi kwenye stika za maji

Najua nimepotea. Karibu wiki nane sijaandika chochote hapa, mpaka wengine mmeanza kuulizana kama nimeolewa kimya kimya. Sijaolewa jamani, teh teh teh! Nilikuwa TP. Wenzangu wa ualimu mnaelewa. Una vipindi vya Form One na Form Two, una andalio la somo la kuandika kila usiku, na msimamizi kutoka chuoni anaweza kutokea siku yoyote bila hodi. Nguvu ya kuandika hapa ingetoka wapi?

Sasa nimerudi, nimelala siku mbili mfululizo, nimekula chipsi za pale getini, akili imekaa sawa. Na kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumatatu ya kwanza ya TP. Linahusu kucha.

Ndiyo, kucha. Najua kuna kaka zangu hapa watasema "aah, mambo ya kinadada" na kuondoka. Msiondoke. Ninyi ndio mnaoombwa hela za kucha kila mwisho wa mwezi, na baadhi yenu kesho mtakuwa walimu wa zamu wenye fimbo mkononi mnakagua mikono ya watoto wa watu.

Hoja yangu naisema mapema ili mjue mnapinga nini. Pambo la mwalimu, na la mwanafunzi anayeishi kwa bumu, liwe lile analoweza kulivaa mwenyewe na kulivua mwenyewe. Kwenye kucha, kwangu mimi, pambo hilo ni stika za maji. Kucha za kubandika za unga nimeziaga.

Haya, sikilizeni.

Jumamosi kabla ya kuripoti shuleni, binamu yangu alikuwa na sendofu. Kamati ikaamua wasichana wote wa upande wetu tubandike kucha ndefu, rangi moja, waridi iliyokolea. Nikaenda saluni moja, nikakaa saa mbili na nusu, nikalipa 35,000. Sasa pigeni hesabu na mimi. Hela ya kujikimu tunayopewa ni shilingi 10,000 kwa siku, chakula na malazi humo humo. Kwa hiyo nilipotoka pale saluni, mikononi nilikuwa nimebeba siku tatu na nusu za kula. Lakini nilipendeza, siwadanganyi. Kila picha ya sendofu mkono wangu uko mbele.

Jumatatu saa 1 asubuhi niko shuleni. Mwalimu wa zamu, mama mmoja mkarimu sana, akanipokea vizuri, akanionyesha kiti changu ofisini. Kengele ya mstarini ilipogongwa akaniambia, "Mwalimu, hebu nisaidie ukaguzi wa wasichana."

Wote tuliosoma shule za nchi hii tunaujua ukaguzi. Nywele, soksi, kola, kucha. Watoto wakanyoosha mikono mbele, viganja chini. "Shikamoo Madam, shikamoo Madam", mstari mzima. Na mimi Madam napita nikiinama kuangalia kucha zao, huku zangu zimetangulia mbele kama vijiko vya chai.

Nikafika kwa msichana mmoja wa Form Two. Kucha zake fupi, safi kabisa, lakini nyekundu ya kahawia. Hina. Dada yake alikuwa ameolewa wiki mbili nyuma. Nikasita. Mwalimu wa zamu akaona nimesita, akaja, akasema rangi ni rangi, mtoto atoke mstarini akakwangue na jiwe kabla ya kuingia darasani. Yule mtoto hakujibu kitu. Aliiangalia mikono yangu. Sio kwa jeuri, aliiangalia tu. Halafu akaangalia chini akaenda nyuma ya madarasa.

Na mimi nikanyamaza. Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma mpaka leo. Ningeweza kusema "mwalimu, hina haikwanguliki". Kwa masomo niliyosoma najua kabisa haikwanguliki. Lakini ningeyasema hayo kwa mikono ipi? Niliificha nyuma ya mgongo, nikaendelea na mtoto anayefuata.

Siku ile ile nikaingia darasani kwa mara ya kwanza. Kushika chaki kwa kucha ndefu ni shughuli, maana vidole haviwezi kukutana. Chaki ilikuwa inazunguka, halafu kucha ikagusa ubao ikalia kriiii, darasa zima likaziba masikio na kuangua kicheko. Kipindi cha pili nilitakiwa kuwasha moto maabara. Kucha zile ni plastiki, na plastiki na moto havina urafiki. Nikamwomba mwanafunzi awashe yeye.

Usiku nikazing'oa. Hapa ndipo nilipofanya ujinga. Kucha za unga zinatoka vizuri ukiziloweka kwenye asetoni ya kutosha, taratibu, nusu saa au zaidi, mpaka zinakuwa laini kama uji ulioganda. Mimi asetoni sina, saluni iko mbali, na nilikuwa na hasira. Nikachukua ncha ya rula ya chuma. Tisa zikatoka kwa shida. Ya kidole gumba cha kulia ikatoka pamoja na tabaka la juu la kucha yangu mwenyewe. Wiki tatu nzima nilikuwa nikigusa maji ya moto nasikia mpaka kwenye meno. Na gumba la kulia ndilo la kushikia chaki!

Ngoja niseme kidogo kwa nini zinashika namna ile. Fundi anachukua unga na majimaji, anavichanganya juu ya kucha yako, vinaungana na kuwa plastiki ngumu. Ili plastiki ishike, kwanza anakwangua uso wa kucha kwa tupa, wa kwako, uwe na mikwaruzo. Kwa hiyo hata kabla ya kubandikwa umeshapunguzwa. Tena kuna majimaji ya aina moja, methili methakrilati, ambayo kule Marekani mamlaka yao ya chakula na dawa ilianza kuichukulia hatua tangu miaka ya 1970, baada ya wateja kulalamika kucha kuharibika na ngozi kuwaka. Shida yake ni kwamba inashika KUPITA KIASI. Ukijigonga, kabla plastiki haijavunjika, kucha yako inakuwa imeshang'oka.

Jeli za kukaushwa kwa taa nazo zina ndugu wa kemikali hizo hizo. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa ngozi wa Uingereza kilitoa tahadhari kuwa watu wanapata mzio kutokana nazo, hasa wanaojipaka nyumbani bila kujua, zikagusa ngozi kabla ya kukauka. Na mzio huo ukikupata haukuachi, siku ukihitaji kuzibwa jino kwa dawa yenye jamii ya kemikali hizo unaweza kupata taabu. Sasa kwenye hosteli zetu mtu ananunua kitaa cha bei ya kutupa anawapaka wenzake korido nzima. Tuwe makini.

Na kucha ikiharibika haishonwi. Kucha ya mkono inakua kama milimita 3 tu kwa mwezi. Ili yote iwe mpya kutoka shina mpaka ncha unasubiri kama miezi 6. Ya mguu ni mwaka na zaidi. Yaani kosa la usiku mmoja unalibeba zaidi ya semesta.

Basi. Wikiendi ya kwanza pale kijijini nilikuwa nimekaa chumbani nimenuna, nikafungua pochi yangu ya vipodozi, nikakuta pakiti ya stika za maji za mwaka wa kwanza. Wale mnaonijua tangu mwaka wa kwanza mnakumbuka. Jumamosi mchana mimi na rumeti wangu tulikuwa tunatandika kanga chini, bakuli la maji katikati, tunapambana kucha huku tunabishana nani ataenda kununua maandazi. Pakiti shilingi 1,000, inatosha watu wawili na inabaki. Halafu mwaka wa pili "tukaendelea". Tukaanza saluni. Tuliona stika ni za kitoto. Hivi nani alitudanganya kuwa cha bei kubwa ndicho cha kikubwa?

Kwa wasiozijua, stika za maji si zile za kubandua na kubandika kama za madaftari. Hizi ni karatasi yenye gundi inayoyeyuka kwenye maji, juu yake kuna utando mwembamba sana uliochapwa picha. Ukiloweka, karatasi inanyonya maji, gundi inayeyuka, utando unateleza na maua yake. Mwembamba kiasi kwamba ukikaa kwenye kucha huuhisi kwa kidole.

Na si teknolojia ya juzi. Fungua kabati la vyombo la mama yako, lile lenye vikombe ambavyo wewe huruhusiwi kunywea. Vingi katika vile, maua yake hayakuchorwa kwa mkono, yalihamishwa kutoka kwenye karatasi kwa njia hii hii, halafu kikombe kikachomwa tanuruni. Wazo la kuhamisha picha kutoka karatasi kwenda kwenye chombo ni la zamani. Mwaka 1756 kule Liverpool, John Sadler na Guy Green walichapa vigae zaidi ya 1,200 ndani ya saa 6 kwa kuhamisha picha namna hiyo. Kwa hiyo ukibandika ua kwenye kucha, ujue una undugu na kikombe cha wageni. Kwi kwi kwi!

Sasa namna ya kuzibandika, maana wengi wanajaribu mara moja zinakunjamana, wanatupa, wanasema ni feki. Si feki, ni haraka yenu.

Kwanza osha mikono, kata kucha, zisawazishe. Ile ngozi ya kwenye shina la kucha usiikate, isukume tu taratibu baada ya kuoga ikiwa laini. Ndiyo mlango unaozuia vijidudu kuingia.

Pili, paka rangi ya chini. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Picha ya stika haina ukuta nyuma yake, inaonyesha kilichoko chini. Ukiibandika juu ya rangi nyeusi au ya zambarau, maua yanamezwa. Paka nyeupe, au krimu, au waridi hafifu. Mpako mwembamba mara mbili ni bora kuliko mzito mara moja.

Tatu, SUBIRI. Rangi ikauke kabisa. Sio "imekauka juu". Mimi nasubiri nusu saa, nakunja nguo au nasoma kurasa mbili tatu. Ukibandika kwenye rangi mbichi, yote yanakwenda pamoja.

Nne, kata picha ndogo kidogo kuliko kucha yako. Toa ile karatasi ya plastiki ya juu kama ipo. Watu wengi wanaisahau, halafu wanashangaa stika haishiki.

Tano, weka kwenye maji ya uvuguvugu, kama sekunde 20 au 30. Usiing'ang'anie. Igusie kidole: ikiteleza yenyewe iko tayari, isipoteleza irudishe. Rumeti wangu alikuwa anaivuta kwa nguvu inachanika, kisha ananilaumu mimi.

Sita, ichukue kwa kibano au kwa ncha ya kidole chenye maji, iweke kwenye kucha. Ikiwa bado na maji unaweza kuisogeza mpaka ikae katikati. Halafu kandamiza kwa pamba yenye unyevu, kutoka katikati kwenda pembeni, maji na hewa vitoke. Bila hivyo utapata vipovu.

Saba, ikikauka, kijiti chenye pamba kilichochovywa kidogo kwenye dawa ya kutolea rangi kipitishe pembeni. Utando uliozidi unayeyuka wenyewe, huhitaji mkasi.

Nane, funika na ile rangi ya kung'aa isiyo na rangi, ipite mpaka kwenye ncha ya kucha, maana maji ya kufulia huanzia pale kuingia. Mimi nikifunika vizuri zinakaa siku 4 au 5, nikiosha vyombo sana siku 3.

Na onyo la hosteli: dawa ya kutolea rangi inashika moto haraka, na mvuke wake unasafiri. Usiitumie rumeti wako akiwa amewasha jiko pembeni anapika wali. Fungua dirisha. Na kama una kidonda au kucha iliyochubuka, kiache kidole hicho.

Gharama? Pakiti 1,000, rangi nyeupe 2,000, ya kung'aa 2,000, dawa ya kutolea 1,500, pamba unayo. Hizo ni bei za pale mtaani kwetu. Jumla 6,500, na chupa hizo zinakaa semesta nzima. Kila Jumamosi inayofuata unalipia pakiti tu. Linganisha na 35,000 kila wiki tatu, na bado hujalipa ya kutolea.

Najua mtaniuliza, kwani lazima kupamba? Si mwalimu akae na kucha zake alizopewa na Mungu? Swali zuri. Mimi sisemi lazima. Ila sikubaliani na wale wanaodhani mwalimu aliyepaka rangi kucha ni mwanamke aliyepotea. Mikono ya wanawake wa nchi hii imepambwa tangu zamani. Nenda pwani, nenda Unguja, bibi harusi bila hina ni harusi gani? Kujipamba hakujaletwa na saluni.

Tena rumeti wangu ni wa Unguja, na ndiye aliyenifundisha kutofautisha mambo haya. Yeye anaswali. Rangi ya kucha ni tabaka, inazuia maji ya udhu yasifike kwenye kucha, na stika vivyo hivyo. Kwa hiyo anaziweka siku ambazo haswali tu, zikiisha anatoa zote ndani ya dakika 5. Siku nyingine anaweka hina, kwa sababu hina si tabaka. Imeingia ndani ya kucha, maji yanapita. Kwake yeye pambo linalovulika si mjadala, ni ibada. (Piko hataki hata kuisikia, aliwahi kuona mtu aliyetoka malengelenge mkono mzima. Ile nyeusi ni dawa ya nywele, mara nyingi ina kemikali inayounguza ngozi ya baadhi ya watu. Hina ya majani ni kitu kingine kabisa.)

Upande wa pili wapo wanaosema nawapigia debe wanaotunyima uhuru. Wanakumbuka Septemba 2018, Spika wa wakati ule Job Ndugai alipopiga marufuku kope na kucha bandia ndani ya Bunge kule Dodoma. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya. Tulicheka sana, tukasema wabunge hawana kazi. Mimi bado naona kumkataza mtu mzima kucha zake bungeni ni kuvuka mpaka, maana mbunge hashiki chaki wala hawashi moto wa maabara. Lakini zipo kazi ambazo mkono wenyewe ni kifaa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2009 kuhusu usafi wa mikono unawataka wahudumu wa afya wasivae kucha bandia wanapogusa wagonjwa, na kucha zao za asili zisizidi nusu sentimita. Pale hakuna anayesema wananyimwa uhuru. Mkono wa nesi unagusa kidonda. Na mkono wa mwalimu unashika chaki, unashika mkono wa mtoto anayejifunza kushika kalamu, na unakagua mikono ya wengine. Ndiyo maana nasema mwalimu ajiulize kazi ya mkono wake kwanza.

Vijana wa vikapu nao wasinielewe vibaya. Wale wanaopita mitaani na chupa zao za rangi, wanakaa kwenye kigoda wanakusugua na miguu, mimi ni mteja wao. Stika za maji nao wanazo, na wengine wana mkono mzuri kuliko saluni. Ombi langu moja: nenda na wembe wako na tupa yako. Kifaa kilichotoka kwenye mguu wa jirani kisije moja kwa moja kwenye wako.

Nirudi kwa yule msichana, maana sijamaliza naye.

Wiki ya nne nilikuwa nafundisha vitu kuyeyuka. Maabara ya shule ilikuwa na vitu vichache, nikakumbuka pakiti yangu. Nikaenda na stika mbili, glasi moja ya maji, kikombe kimoja chenye dawa ya kutolea rangi kidogo. Nikawaita mbele wakazunguka meza. Stika ya kwanza nikaitia kwenye maji: gundi ikayeyuka, ua likaelea zima, nikalibandika kwenye glasi. Wakashangilia kama wameona mazingaombwe. Ya pili nikaitia kwenye dawa: ua lenyewe likalegea, likapoteza umbo, likaisha. Nikawauliza kwa nini. Wakabishana wenyewe kwa wenyewe mpaka wakafika: kila kitu kina kiyeyushi chake, maji yameweza gundi, hayakuweza rangi. Kipindi changu bora kuliko vyote vya TP, na kilinigharimu stika mbili.

Halafu mkono ukanyooshwa nyuma. Yule yule. "Madam, na hina inayeyuka kwenye nini?"

Darasa likatulia. Nikamwambia ukweli. Hina ikishaingia kwenye kucha inashikana na kucha yenyewe, haitoki kwa maji, haitoki kwa dawa hii, haitoki kwa jiwe. Inaondoka kucha inapokua na kukatwa. Akasema, "Nilijua." Akakaa. Nikaona vidole vyake: hina ilikuwa imeshapanda, chini kuna mwezi mdogo mweupe wa kucha mpya. Baada ya kipindi nilimwita nikamwomba radhi kwa ile Jumatatu. Alicheka kwa aibu akasema, "Hamna shida Madam." Ilikuwepo shida. Yeye kanisamehe tu.

Mchana nikaenda kwa mwalimu wa zamu wa siku ile. Nikamwamkia, nikamweleza kwa heshima kuwa mtoto mwenye hina akitumwa akakwangue anaumiza kucha bure, na kwamba hata mimi siku ile sikustahili kukagua kucha za mtu. Akanisikiliza. Akasema, "Mwanangu, mimi na hizo zako niliziona, nikasema mgeni asiaibishwe siku ya kwanza." Nikatamani ardhi ipasuke. Hakuniahidi chochote kuhusu hina. Lakini Jumatatu mbili baadaye nilimwona amefika kwa binti mwingine mwenye hina, akaangalia urefu, akaangalia usafi, akapita.

Kwa hiyo ndugu zangu mtakaokwenda TP mwakani, rai yangu ni hii. Pambeni kucha zenu, za kwenu wenyewe, fupi. Jumamosi tandikeni kanga, lowekeni stika, chekeni. Jumapili jioni, kama shule mliyopo wanafunzi hawaruhusiwi, toeni. Dakika 5 tu. Msiende kukagua kwa mtoto kitu ambacho ninyi wenyewe hamkaguliki. Na mkikuta sheria isiyo na sababu, ongeeni, ila mikono yenu iwe mbele, sio nyuma ya mgongo kama yangu.

Naandika haya nikiwa na kucha tisa zenye maua madogo ya buluu. Gumba la kulia bado liko wazi, kucha mpya imefika karibu nusu. Rumeti ananiambia nilipake tu, halionekani. Namwambia aliache, linanikumbusha.

Naomba kuwasilisha. Mnaopinga karibuni, ila njooni na hoja, na mje na maandazi.